Neva ya Jicho Ikiumia, Retina Nzima Husikia

"Jicho lenyewe ni zima, tatizo liko kwenye neva." Mtu aliyepoteza uoni kwa ajali ya kichwa, kwa glakoma au kwa uvimbe wa neva huisikia kauli hii mara nyingi. Haina uongo mkubwa, ila humfanya aione neva kama waya uliochomekwa nyuma ya kamera: waya umekatika, kamera iko salama. Neva ya jicho haiko hivyo. Kila uzi wake ni mkono wa seli hai iitwayo ganglioni, ambayo kiwiliwili chake kimo ndani ya retina, utando wa nyuma ya jicho unaopokea mwanga. Jeraha likitokea sentimita 3 nyuma ya jicho, mwenye mkono yuko ndani ya jicho, na amezungukwa na seli nyingine zilizokuwa zikimletea taarifa, zikimlisha na kumwondolea taka.

Hizo nyingine zinapatwa na nini? Ukizihesabu, utakuta karibu zote zipo. Ukizichunguza zinavyofanya kazi, utakuta chache tu zilizobaki kama zamani. Seli za ganglioni hufa. Majirani zao wengi huendelea kuishi kwa miaka, lakini huvimba, hunywea, hubadili protini wanazotengeneza, au hukaa bila mtu wa kumpelekea ujumbe. Kuchanganya kufa na kubadilika ndiko kunakoharibu usomaji wa vipimo na hata majaribio mengi ya maabara.

Mpangilio wa nyumba

Retina ya mtu ina wastani wa seli fimbo milioni 92 na seli koni milioni 4.6. Taarifa zake zote hutoka jichoni kupitia nyuzi milioni 1 hadi 1.2 hivi. Kati ya seli pokezi za mwanga na seli za ganglioni zipo seli za bipola, ambazo hupokea upande mmoja na kukabidhi upande wa pili. Makutano ya kwanza yana seli za ulalo zinazorekebisha ishara kutoka pembeni, na makutano ya pili yana seli za amakrini, kundi lenye aina nyingi ajabu. Seli za Müller husimama wima kutoka uso wa ndani wa retina hadi kwenye seli pokezi, kama nguzo zinazopita ghorofa zote. Astrositi, seli za kuhudumia neva, hutambaa juu ya nyuzi za neva, na mikroglia, seli za kinga, hukaa kwenye tabaka za sinapsi (makutano ambako seli hupeana ujumbe) zikipapasa mazingira kwa matawi yao.

Katika kundi hili lote ni ganglioni peke yake inayotoa aksoni, yaani ule uzi mrefu, nje ya jicho. Aksoni hutambaa juu ya retina bila ganda la mielini, hupenya ukuta wenye matundu ulio kwenye kichwa cha neva, huvaa mielini, kisha husafiri takriban milimita 50 hadi mahali neva mbili zinapokutana, na kutoka hapo huendelea hadi ndani ya ubongo. Kiwiliwili chenye upana wa mikromita 10 hadi 20 hulazimika kuhudumia uzi mrefu kiasi hicho. Bipola na amakrini hazina mzigo huo, kwa kuwa shughuli zao zote huishia ndani ya retina yenyewe. Tofauti hii ya urefu inaeleza mengi yanayofuata.

Kinachompata mwenye mkono

Aksoni inapobanwa au kukatwa, kalsiamu humiminika ndani papo hapo. Kipande kilichotengwa na kiwiliwili hujiangamiza kwa utaratibu wake chenyewe: protini iitwayo SARM1 huteketeza akiba ya NAD+, molekuli ambayo seli huihitaji kupata nguvu, nguvu zinakwisha, uzi unasambaratika. Kipande kilichobaki upande wa jicho hurudisha habari mbaya nyumbani. Protini DLK na ndugu yake LZK huamsha protini nyingine, JNK, nayo huamsha c-Jun, inayowasha na kuzima jeni ndani ya kiini, na seli huanza kuzima jeni zinazoifanya kuwa ganglioni. Wakati huohuo virutubishi vya neva kama BDNF, vilivyokuwa vikija kutoka ubongoni, vinakoma kufika. Hatua ya mwisho ni protini BAX kutoboa utando wa nje wa mitokondria, na hapo hakuna kurudi nyuma.

Panya waliozaliwa bila jeni ya BAX wana somo kubwa: neva ikibanwa, viwiliwili vya ganglioni hubaki hai, lakini aksoni hupotea vilevile. Dawa inayookoa kiwiliwili si lazima iokoe uzi. Wanaotangaza "ulinzi wa neva" wangeulizwa kila mara wanamaanisha kipi kati ya hivyo viwili.

Kwa panya wadogo, neva ikibanwa karibu na jicho, siku 3 za kwanza seli karibu zote zinahesabika. Kufikia siku ya 7 karibu nusu zimekwenda, na siku ya 14 hubaki kama asilimia 20. Kadiri jeraha linavyokuwa mbali na jicho ndivyo kifo kinavyochelewa. Kwa binadamu kasi ni ndogo: kichwa cha neva huonekana kupauka baada ya wiki 4 hadi 6. Ndiyo maana daktari anaweza kuangalia ndani ya jicho siku chache baada ya ajali akaona kila kitu cha kawaida huku mgonjwa haoni. Kipimo hakijakosea. Ni mapema mno tu.

Si zote zinazokufa kwa kasi moja. Panya ana aina zipatazo 46 za ganglioni, na baadhi hustahimili kuliko nyingine, hasa alfa na zile zenye melanopsini zinazopima mwanga wa jumla na kuendesha mboni na saa ya mwili. Jambo hili linaonekana hata kwa watu. Katika ugonjwa wa kurithi wa Leber, ambao huua ganglioni za katikati kupitia hitilafu ya mitokondria, mboni huendelea kuitikia mwanga vizuri kuliko unavyotarajia kwa mtu aliyepoteza uoni wa kati kiasi hicho. Anayemwona mgonjwa wa namna hiyo, mboni zake zinacheza na kichwa cha neva bado hakijapauka, asikimbilie kusema anajifanya.

Kabla ya kufa, ganglioni hukunja matawi yake. Matawi hayo, dendriti, hunywea, sinapsi hupungua, na hayo huanza siku chache baada ya jeraha, kiwiliwili kikiwa bado hai. Protini ya kinga C1q hujipachika kwenye sinapsi kama alama ya "hii iondolewe". Hapa ndipo majirani wanapoguswa kwa mara ya kwanza: bipola ananyosha ujumbe na hakuna mkono wa kuupokea. Katika majaribio ya panya, insulini imeweza kurudisha dendriti na sinapsi za ganglioni zilizokwisha kukatwa aksoni, maana yake kunywea huko si hatua ya mwisho. Kuna siku kadhaa za kufanyia kazi.

Amakrini, jirani asiye na hatia kamili

Kwa muda mrefu amakrini zilichukuliwa kama watazamaji. Mwaka 2017 kikundi cha watafiti wa Marekani kilionyesha jambo lililobadilisha picha hiyo. Ndani ya saa moja baada ya neva ya panya kubanwa, zinki huru hupanda kwenye ncha za amakrini, katika tabaka zinapogusana na ganglioni. Ganglioni zenyewe wakati huo hazina ongezeko. Zinki hiyo hupakiwa kwenye vifuko vidogo kwa msaada wa kisafirishaji ZnT-3, kisha kwa siku mbili tatu huhamia kwenye ganglioni. Watafiti walipoweka ndani ya jicho kemikali inayonasa zinki, ganglioni nyingi zaidi zilipona na aksoni zikaanza kuota tena. Ilipoondolewa ZnT-3, matokeo yalikuwa ya namna hiyohiyo.

Hilo lina uzito wa pekee. Jeraha liko nje ya jicho, limegusa ganglioni tu, lakini sehemu ya hukumu hutolewa na seli ambayo haikuguswa. Sababu ya amakrini kupata habari ndani ya saa moja ni wazi kuwa haiwezi kuwa kifo cha ganglioni, kwa sababu kifo hicho kiko siku kadhaa mbele. Mawasiliano ya umeme na kemikali kati yao yamevurugika kabla.

Njia nyingine ya kuambukizana ni milango midogo inayounganisha seli moja kwa moja. Ganglioni nyingi zimeunganishwa na amakrini, na zenyewe kwa zenyewe, kwa milango ya protini ziitwazo koneksini. Milango hii hupitisha ayoni na molekuli ndogo, hivyo seli inayokufa inaweza kumwagia sumu mwenzake. Kwa panya wenye presha ya jicho iliyopandishwa, kuzuia koneksini 36 kumepunguza upotevu wa ganglioni pamoja na amakrini zilizounganishwa nazo. Baada ya kubana neva kwa ghafla, hali ni tofauti: idadi kubwa ya amakrini hubaki. Usichukue matokeo ya glakoma ukayabandika kwenye ajali, au kinyume chake.

Amakrini pia huwahadaa wanaohesabu. Wapo amakrini waliohamia tabaka la ganglioni na kukaa humo kama wapangaji. Kwa binadamu, katikati ya retina wao ni asilimia 3 hivi ya seli za tabaka hilo, lakini pembezoni kabisa hufikia karibu asilimia 80. Kwa panya ni zaidi ya nusu. Chukua tabaka lenye viini 100, ganglioni zikiwa 45. Asilimia 80 ya ganglioni zikifa, zinaondoka 36, na aliyehesabu viini vyote ataandika kwamba hasara ni asilimia 36. Amekosea zaidi ya nusu. Dawa ya tatizo hili ni kutumia alama ya RBPMS, protini inayopakwa rangi ili seli zitambulike, inayoshika ganglioni za kila aina. Alama nyingine, Brn3a, ni nzuri lakini haishiki nyingi kati ya zile zenye melanopsini, na seli iliyojeruhiwa huacha kuitengeneza kabla haijafa, kwa hiyo siku za mwanzo Brn3a huonyesha vifo ambavyo bado havijatokea.

Seli za Müller na vishimo vinavyopoteza njia

Hapa ndipo jeraha la neva linapoonekana kwa macho ya daktari katika tabaka ambalo halikutarajiwa. Kwenye skani ya OCT, picha ya mwanga inayoonyesha tabaka za retina, baadhi ya wagonjwa waliopoteza ganglioni huonyesha vishimo vidogo vyeusi katika tabaka la viini vya ndani, yaani ghorofa ya bipola, amakrini na viwiliwili vya Müller. Mwaka 2012 vilielezwa kwa wagonjwa 15 kati ya 318 wa multipo sklerosisi, ugonjwa ambao kinga ya mwili hushambulia mielini, na wengi wakadhani ni dalili ya uvimbe wa kinga ndani ya retina. Dhana hiyo haikudumu. Vishimo vilevile vilionekana kwa wagonjwa wa Leber, kwa wenye kunyauka kwa neva kwa kurithi, kwa wenye glakoma, na kwa watu ambao neva yao ilibanwa na uvimbe wa ubongo. Kinachowaunganisha wote hawa ni kufa kwa ganglioni, chanzo kiwe chochote.

Maelezo yanayokubalika zaidi yanapita kwa seli za Müller. Kazi yao mojawapo ni kunyonya potasiamu inayomwagwa na neva zinazofanya kazi na kuipeleka kwenye mishipa ya damu na kwenye ute wa jicho, kwa kutumia mifereji ya Kir4.1, huku maji yakifuata kupitia akwaporini 4. Seli ya Müller iliyoshtuka hupunguza au hutawanya Kir4.1. Potasiamu na maji hubaki katikati ya tabaka. Ndiyo maana tabaka hili baada ya jeraha la neva huwa nene kidogo badala ya kuwa jembamba, jambo linalomshangaza anayetarajia kila kitu kinyauke.

Kwa anayesoma skani, kosa la gharama kubwa ni kuita vishimo hivi uvimbe wa kawaida wa makula (sehemu ya katikati ya retina) na kuanza sindano za kuzuia VEGF, protini inayofanya mishipa ya damu ivuje. Kuna tofauti za kutosha kuvitenganisha. Vishimo vya jeraha la neva ni vidogo, vimejipanga kama pete au hilali kuzunguka fovea, kitovu cha makula, bila kuingia katikati, zaidi upande wa pua, na vimefungiwa katika tabaka moja. Picha ya mwanga wa infraredi huonyesha hilali hiyo ikiwa nyeusi. Rangi ya floresini ikipigwa kwenye mshipa, haivuji. Uvimbe unaotokana na kisukari au upasuaji wa mtoto wa jicho huwa na mifuko mikubwa, hushuka hadi tabaka za nje, hugusa fovea, na mara nyingi huvuja. Ukiona hilali isiyovuja kwa mtu ambaye hajulikani kuwa na ugonjwa wa neva, kazi imeanza: pima rangi, pima uwanja wa kuona, linganisha mboni, na ikibidi piga picha ya ubongo.

Angalia pia mistari ambayo mashine inachora kutenganisha tabaka. Vishimo huichanganya programu, na inaweza kuhesabu sehemu ya tabaka la ndani kama ganglioni. Namba hutoka nzuri kuliko ukweli. Fungua picha yenyewe, pitia mistari kwa jicho.

Müller hufanya jambo lingine linalojulikana sana maabara: huanza kutengeneza GFAP, protini ambayo kwa kawaida wanayo kidogo mno. Retina ikipakwa rangi ya GFAP siku chache baada ya jeraha, nguzo nzima huwaka kutoka ndani kwenda nje. Watu hupenda kuiweka picha hiyo kwenye ripoti kwa sababu inavutia, lakini haisemi kilichotokea ni nini. Müller hulia hivyo kwa presha, kwa kukosa damu, kwa mwanga mkali na kwa retina kubanduka.

Walinzi: mikroglia na astrositi

Mikroglia hujikusanya, huongezeka kwa kugawanyika, hukunja matawi na kuanza kumeza mabaki ya ganglioni, zikiwa nyingi zaidi kuanzia wiki ya kwanza na ya pili. Zinaua au zinafagia? Mwaka 2017 zilitoka kazi mbili zinazovuta pande tofauti. Moja ilionyesha kwamba mikroglia zilizoamshwa hutoa IL-1α, TNF na C1q, vitu vitatu vinavyobadili astrositi kuwa hatari kwa neva. Panya waliopewa kingamwili dhidi ya vitu hivyo vitatu walibaki na ganglioni nyingi zaidi baada ya neva kubanwa. Nyingine iliondoa karibu mikroglia zote kwa dawa kabla ya kubana neva, na ganglioni zikafa kwa kasi ileile.

Matokeo haya hayapingani kama yanavyoonekana. Ishara hizo tatu zinaweza kutoka kwa seli nyingine pia, na kuziba ishara si sawa na kumwondoa mtoaji mmoja. Kwa jeraha la ghafla, kuzishutumu mikroglia kuwa muuaji mkuu ni kuwaonea walinzi waliokutwa karibu na maiti. Kwa ugonjwa wa polepole kama glakoma, ambako C1q huanza kupanda kwenye sinapsi mapema, kesi bado ina nguvu.

Jambo la kukumbuka ni jicho la pili. Neva moja ikibanwa, mikroglia huamka hata katika retina ya upande ambao haukuguswa. Majaribio mengi ya zamani yalitumia jicho hilo kama kipimo cha "uzima", na tofauti zikapungua bila mtu kujua. Kundi la kulinganisha linapaswa kuwa wanyama ambao hawakufanyiwa lolote.

Bipola, ulalo na seli pokezi

Hawa hubaki. Uchunguzi wa macho ya watu waliokuwa na neva iliyonyauka kwa miaka huonyesha tabaka za nje zikiwa zimejaa seli. Seli za ulalo zina habari chache mno za kusimulia, na utando wenye rangi ulio nyuma ya seli pokezi hauguswi kabisa. Kwenye multipo sklerosisi macho yaliyochunguzwa baada ya kifo yameonyesha unyauko hata katika tabaka la viini vya ndani kwa sehemu ya wagonjwa, ila ugonjwa huo una uvimbe wake wenyewe, hivyo lawama yote haiwezi kuwekwa kwenye neva.

Umeme wa retina unathibitisha kubaki huko. ERG, kipimo cha umeme huo, ikipimwa kwa jicho zima hutoa wimbi a kutoka kwa seli pokezi na wimbi b linalotegemea bipola. Neva ikinyauka, yote mawili hubaki karibu na kawaida. Kinachopotea ni wimbi la chini linalofuata baada ya b, liitwalo PhNR, ambalo huonekana vizuri zaidi ukitumia mmweko mwekundu juu ya mandhari ya bluu. Katika ERG ya mraba-mraba, ambapo mgonjwa hutazama miraba inayobadilishana kwenye skrini, wimbi N95 hupungua kwanza na P50 hubakia kwa muda, kwa kuwa sehemu tu ya P50 hutokana na ganglioni. Makula ikiwa ndiyo mbovu, P50 huanguka pamoja na N95. Kwa kipimo hiki kimoja unaweza kutenganisha mgonjwa wa neva na mgonjwa wa makula ambao wote wana majibu ya ubongo yaliyochelewa.

Kipimo hicho ni dhaifu, na kinaharibika kwa mambo madogo. Ishara ni mikrovolti 2 hadi 10 tu. Mboni isipanuliwe, mgonjwa avae miwani inayofaa umbali wa skrini, miraba iwe na upana wa digrii 0.8, ibadilishane mara 4 kwa sekunde, na wastani uchukuliwe kwa mizunguko 100 au zaidi isiyo na kupepesa. Elektrodi ya kulinganishia iwekwe pembeni ya jicho lilelile. Ukiiweka kwenye sikio, umeme wa ubongo huingia na kuchafua jibu.

Ukikuta ERG ya jicho zima imelala kabisa baada ya ajali ya neva, fikiria damu kabla ya kufikiria neva. Mishipa inayolisha retina hupita pamoja na neva. Maabara nyingi zimeangukia hapa: mtu anabana neva ya panya kwa kibano sekunde 5, milimita 1 hadi 2 nyuma ya jicho, lakini ameshika na mshipa wa damu. Wiki mbili baadaye tabaka la ndani limenyauka, wimbi b limepotea, naye anaandika kwamba jeraha la neva huua bipola. Kilichoua ni kukosa damu. Kinga ni kuangalia ndani ya jicho mara tu kibano kinapoachiwa: mishipa ikiwa imepauka na damu haitembei, mnyama huyo aondolewe kwenye hesabu.

Seli pokezi zina kioja chao. Baada ya neva kukatwa, hukusanya FGF2, kirutubishi kinachotengenezwa pia na Müller. Panya wakubwa waliokatwa neva moja, kisha macho yote mawili yakawekwa kwenye mwanga mkali wa kuunguza, walipoteza seli pokezi chache zaidi katika jicho lililokatwa neva kuliko katika lile jingine. Jeraha la tabaka la ndani limewavisha ngao walio nje. Ngao hiyo haimsaidii mwenye jicho, ila inathibitisha kwamba habari ya neva hufika mpaka mwisho wa retina bila kuua njiani.

Inashangaza zaidi ukilinganisha na upande wa ubongo. Mtu akipata kiharusi kwenye gamba la kuonea nyuma ya kichwa, ganglioni za retina hupungua taratibu ingawa kati yao na jeraha kuna kituo kizima cha sinapsi. Huko kifo huvuka sinapsi. Ndani ya retina hakivuki kirahisi. Seli ya kituo cha ubongoni ina aksoni ndefu na lengo moja, kama ganglioni ilivyo. Bipola ina aksoni fupi, wateja kadhaa na amakrini pembeni. Nadhani sababu iko hapo.

Unene unapoacha kushuka

Anayefuatilia mgonjwa kwa OCT ajue mambo mawili. Neva ikiwa imevimba, tabaka la nyuzi huongezeka unene, kwa hiyo wiki za mwanzo linadanganya; tabaka la ganglioni kwenye makula ndilo linaloanza kusema kweli, na skani ya msingi ichukuliwe siku za mwanzo, kwa mashine ileile itakayotumika baadaye. Pili, tabaka la nyuzi huanzia mikromita 90 hadi 100 kwa mtu mzima na husimama kwenye 50 hadi 60 hata kama hakuna uzi hata mmoja uliobaki. Hizo zilizobaki ni astrositi, Müller na mishipa. Mgonjwa aliyefika huko akiambiwa "haujaendelea" anapewa faraja isiyo na msingi, maana mashine imefika sakafuni. Mishipa midogo ya damu nayo hupungua kwenye skani za mtiririko, kwa kuwa tabaka lililopoteza seli zake linahitaji damu kidogo. Kuiona imepungua hakuthibitishi kwamba kukosa damu ndiko kulikoanza.

Kilichobaki kinafaa nini

Kwa kuwa seli pokezi na bipola zipo, wengi hudhani vifaa vya kuwekwa kwenye retina vitasaidia. Haviwezi. Kifaa kama Argus II kilisisimua ganglioni kwa umeme, na tiba ya kuweka protini za mwanga ndani ya ganglioni inahitaji ganglioni zenyewe ziwe hai. Zote zilibuniwa kwa wagonjwa walio kinyume, waliopoteza seli pokezi huku ganglioni zikiwa zimebaki. Aliyepoteza neva anahitaji kifaa kinachoanzia ubongoni, au ganglioni mpya.

Ganglioni mpya zinaoteshwa kutoka seli shina na kuwekwa ndani ya jicho la panya, na kikwazo cha kwanza ni utando wa ndani unaokalia miguu ya seli za Müller. Seli nyingi hukwama juu yake, ndiyo maana wengine huulainisha kwa vimeng'enya kabla. Zikipenya, zitafute bipola ambazo zimekaa bila mpokeaji, kisha zirefushe aksoni hadi ubongoni. Njia ya pili ni kuzigeuza seli za Müller za mgonjwa mwenyewe. Samaki aina ya zebrafish hufanya hivyo bila kusaidiwa, na retina yake hujijenga upya, ganglioni zikiwemo. Kwa panya waliokomaa, Müller zililazimishwa kwa jeni ya Ascl1 pamoja na dawa ya kulegeza kromatini (kifungashio cha DNA), na neva mpya zikazaliwa kweli. Nyingi zilifanana na bipola na amakrini, yaani hasa zile ambazo jeraha la neva halikuziondoa.